Maganda ya Machungwa Yasiue Mtambo Wako wa Gesi

Wakulima wa mashamba ya makao katika Shimba Hills, Kilifi, Mpeketoni na Makueni waijua sana taabu ya msimu wa machungwa. Matunda huiva yote kwa pamoja, bei huanguka, na machungwa mengi huozea chini ya miti. Huko sokoni nako wauzaji wa maji ya matunda hutupa maganda kwa magunia. Basi mkulima aliye na mtambo wa gesi ya samadi huzitazama chungu zile za maganda akajiuliza: Je, hiki si chakula cha mtambo wangu? Ya nini kuhangaika na samadi peke yake?

Swali hilo ni la mtu mwenye akili, na jibu lake ni ndiyo. Lakini si ndiyo ya haraka. Maganda ya machungwa yana gesi nyingi kuliko samadi, ila ndani yake mna pia kitu kinachoua vijidudu vinavyotengeneza gesi hiyo. Mkulima akiyatia mabichi kwa wingi, atafurahi kwa majuma mawili au matatu, kisha moto wa jikoni utaanza kufifia, na mwisho utazimika kabisa. Mtambo wa mita za ujazo 8 si kitu kidogo. Ni saruji, mawe, kokoto, siku za fundi, na pengine mkopo ambao haujaisha kulipwa. Mtambo ukilala, mama wa nyumba hurudi kwenye kuni na makaa, na deni huendelea kudaiwa vile vile. Kwa hiyo yafaa tueleze habari hii kwa taratibu: kitu hicho chenye madhara ni nini, kinatendaje kazi yake, na mkulima aweza kukipunguza namna gani kabla ya kuyatia maganda mtamboni.

Mtambo ni kama tumbo la ng'ombe

Ndani ya mtambo wa gesi hamna mashine yoyote. Wenye kufanya kazi ni vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, navyo huishi mahali pasipo hewa. Kazi yao huenda kwa zamu. Kundi la kwanza huvunja chakula kigumu na kukifanya laini. Kundi la pili hugeuza chakula hicho kilicholainika kuwa asidi, yaani vitu vichachu kama siki. Kundi la tatu hutumia vitu vichachu hivyo na kutoa methani, nayo ndiyo gesi iwakayo. Gesi itokayo katika mtambo wenye afya huwa na methani kama sehemu 60 katika kila sehemu 100. Zilizobaki karibu zote ni hewa ya ukaa, ambayo haiwaki.

Kumbukeni sana hilo kundi la tatu, maana habari yetu yote yalihusu. Vijidudu vya kundi hilo huzaana polepole, tena havipendi mambo ya ghafula. Havipendi uchachu mwingi, havipendi baridi, wala havipendi sumu. Kundi la pili ni wepesi na wenye pupa. Likipewa sukari nyingi kwa siku moja, litatengeneza asidi nyingi siku iyo hiyo, na kundi la tatu halitaweza kuimaliza. Hapo uji wa ndani huchacha, na jinsi unavyozidi kuchacha ndivyo kundi la tatu linavyozidi kudhoofika.

Samadi ya ng'ombe ni chakula cha salama kwa sababu imekwisha kupita katika tumbo la ng'ombe, ikaja na vijidudu vyake yenyewe. Lakini samadi si chakula cha pekee. Mitambo ya gesi si mambo mageni katika Kenya. Mwaka 1957 Bw. Tim Hutchinson alijenga mtambo katika shamba lake la kahawa, nao ndio unaotajwa kuwa wa kwanza nchini. Tangu siku hizo watu wamejaribu kuilisha mitambo yao maganda ya kahawa, majani, mabaki ya jikoni na vingine vingi. Vingi vimefaa. Maganda ya jamii ya machungwa ndiyo yanayotaka uangalifu wa namna yake.

Kwa nini maganda yanavutia

Kilo moja ya samadi mbichi hutoa kama lita 35 hadi 40 za gesi. Kilo moja ya maganda mabichi ya machungwa, yakiwa yametayarishwa vizuri, yaweza kutoa lita 100 au zaidi. Sababu ni kwamba ng'ombe amekwisha kuchukua sehemu nzuri ya chakula chake kabla ya kutoa samadi, lakini ganda la chungwa bado lina sukari yake na ule utomvu mzito uitwao pektini, unaofanya jemu kushikana. Hivyo ni vitu ambavyo vijidudu huvimaliza upesi.

Mwenye ng'ombe watatu wa maziwa wanaolishwa zizini aweza kupata kilo 60 za samadi kwa siku, na gesi yake ni mita za ujazo 2 na zaidi kidogo. Akiongeza kilo 6 za maganda yaliyotayarishwa, atapata kama lita 600 zaidi. Hizo ni zaidi ya saa moja ya jiko la kawaida. Nyumba inayopika maharagwe au githeri yaijua thamani ya saa moja ya moto.

Mafuta yaliyo katika ganda

Kila mtoto wa shule amewahi kuucheza mchezo huu: huchukua ganda la chungwa, akalikunja karibu na mshumaa, na cheche hurukaruka. Kinachowaka pale ni mafuta. Ukilitazama ganda kwa makini utaona vitundu vidogo vidogo vimelijaa sehemu ya nje yenye rangi. Vile ni vifuko vya mafuta. Ndiyo yanayowasha macho mtu anapomenya chungwa, na ndiyo yenye harufu ile nzuri inayobaki mikononi.

Katika mafuta ya chungwa, zaidi ya sehemu 90 katika 100 ni kitu kimoja kiitwacho limonini. Mti haukukiweka pale kwa ajili ya harufu tu. Ni ulinzi wa tunda. Hufukuza wadudu na kuzuia vijidudu vya kuozesha. Sasa fikirini wenyewe: kitu ambacho mti umekitengeneza ili kuzuia vijidudu, nasi twakitia ndani ya mtambo ambao kazi yake yote yategemea vijidudu. Limonini hupenya katika ngozi nyembamba inayozunguka kila kijidudu, ikaiharibu, na vitu vya ndani vikavuja. Kundi la tatu, lile la polepole, ndilo linaloumia zaidi.

Hesabu ya mtambo mmoja

Hapa naomba msomaji achukue kalamu, maana jambo lenyewe halionekani mpaka lihesabiwe.

Tuseme mtambo ni wa mita za ujazo 8. Kila asubuhi hutiwa kilo 60 za samadi na lita 60 za maji, jumla kama lita 120 za uji. Chakula hukaa ndani siku 50 hivi kabla ya kutoka upande wa pili. Lita 120 mara siku 50 ni lita 6,000 za uji ndani ya mtambo. Nafasi iliyobaki juu ni ya gesi.

Kilo moja ya maganda mabichi ina mafuta kama gramu 5. Ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Mkulima akitia kilo 10 za maganda kwa siku, ametia gramu 50. Ukizigawa katika lita 6,000 hazifiki hata sehemu moja katika mia ya gramu kwa kila lita. Ni kidogo mno, na mtambo hautasikia kitu. Kwa kweli juma la kwanza gesi itaongezeka sana, kwa sababu ya ile sukari. Mkulima atawaambia jirani zake kwamba maganda ni mazuri kuliko samadi, nao watakwenda sokoni na magunia.

Lakini mafuta hayo hayaliwi upesi na vijidudu. Yanabaki. Kesho huongezwa gramu 50 nyingine, na kesho kutwa vivyo hivyo. Kwa siku 50 zimekuwa gramu 2,500. Gawanyeni sasa kwa lita 6,000: ni kama gramu 0.4 kwa kila lita. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba limonini ikikaribia nusu gramu kwa lita moja ya uji, utoaji wa gesi huharibika vibaya. Basi huyu mkulima wa kilo 10, ambaye siku ya saba alikuwa akisifu maganda, kabla ya mwisho wa mwezi wa pili amefika mlangoni pa hatari. Mwenye kutia kilo 20 atafika hapo katika nusu ya muda huo.

Ni kweli kwamba mafuta kidogo hupotea pamoja na gesi, na kidogo hutoka na uji, kwa hiyo hesabu yangu ni ya upande wa tahadhari. Lakini hesabu hiyo yaeleza jambo linalowashangaza watu wengi, yaani kwa nini mtambo unaanza kuugua baada ya majuma mengi ya kazi nzuri. Mkulima hutafuta kosa katika samadi ya jana au katika bomba, kumbe kosa liliingia kidogo kidogo tangu mwanzo.

Njia za viwanda, na kwa nini si zetu zote

Nchi zinazokamua machungwa kwa wingi zimesumbuliwa na jambo hili miaka mingi. Katika kisiwa cha Sicily, Italia, machicha yanayobaki kiwandani baada ya kukamua yana jina lake maalumu, huitwa pastazzo, na iko mitambo mikubwa ya gesi inayoyatumia kwa kuyachanganya na vitu vingine vya shambani.

Katika Uswidi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Borås walieleza mwaka 2012 jaribio la mvuke. Maganda yalitiwa katika chombo kilichofungwa, yakapigwa mvuke wa moto wa nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika 20, kisha mvuke ukaachiliwa ghafula hata maganda yakapasuka. Zaidi ya sehemu 90 katika 100 za limonini ziliondoka, na methani iliyopatikana ilikuwa zaidi ya mara nne kuliko ile ya maganda yasiyotengenezwa. Jaribio hilo lathibitisha kwamba adui ni yale mafuta. Ganda lenyewe halina ubaya.

Chombo cha namna hiyo hakijengwi na fundi wa kijijini, wala mtu asijaribu kukiiga kwa pipa lililofungwa. Pipa lililofungwa juu ya moto ni bomu. Lakini wakulima huuliza: Je, kuchemsha katika sufuria iliyo wazi hakutoshi? Kuchemsha huondoa mafuta kweli. Mafuta ya chungwa peke yake hayachemki mpaka nyuzi 176, lakini yakiwa pamoja na maji hupanda na mvuke hata kabla ya kufika nyuzi 100. Ndiyo njia ya zamani ya kupata mafuta ya manukato.

Tatizo ni moto. Chukueni kilo 20 za maganda na lita 20 za maji, muzichemshe mpaka lita 4 hivi zimegeuka mvuke. Jiko la gesi ya samadi, ambalo nusu ya joto lake hupotea hewani, litakula kama mita 2 za ujazo za gesi kwa kazi hiyo. Maganda yenyewe, kilo 20, yatarudisha mita 2 au zaidi kidogo. Umefanya kazi asubuhi nzima, na faida yake yaweza kutoshea katika birika ya chai. Na kama ukichemsha kwa kuni, basi unakata miti ili upate gesi ya kukuzuia usikate miti. Kwa sababu hiyo mimi sishauri mkulima wa ekari chache achemshe maganda. Njia hiyo yafaa kiwanda chenye mvuke wake tayari, au chama cha wakulima kitakachonunua chombo cha kukusanyia mafuta na kuyauza, kwa kuwa mafuta ya machungwa yana soko katika sabuni na manukato. Hapo mvuke hulipwa na mafuta, na gesi huwa ni faida ya pili.

Njia ya shambani

Mkulima ana vitu vitatu asivyonunua: kisu, hewa na ukungu. Vikitumiwa kwa mpango, hupunguza mafuta ya kutosha.

Kwanza, chagueni. Maganda yaliyotoka kwa wauzaji wa maji ya matunda huwa yamechanganyika na mifuko, mirija na vijiti. Hivyo vyote vitolewe, maana vikiingia mtamboni havitoki. Maganda ya machungwa yaliyoletwa kutoka nchi za mbali, yale yanayong'aa kwa nta, ni bora kuyaacha. Mengi yametiwa dawa ya kuzuia ukungu ili yasioze njiani, na sisi hapa twautaka ukungu.

Matunda yaliyoanguka chini ya miti yana habari yake. Tangu mwaka 2003, alipoonekana kwa mara ya kwanza katika Kenya yule nzi wa matunda aliyetoka Asia, mashamba yetu yamepata hasara kubwa, na funza wake wamo katika matunda yaliyoanguka. Tunda la namna hiyo lisikatwe na kutandazwa hivyo hivyo, maana funza wataingia ardhini na kutoka wakiwa nzi. Kwanza matunda yarundikwe juani, yafunikwe kwa karatasi nzito nyeusi ya nailoni, na kando zake zizibwe kwa udongo pasipo kuacha nafasi, kwa muda wa juma moja au mawili mpaka funza wafe kwa joto. Kisha yakatwe pamoja na maganda. Kwa hiyo mwenye mtambo ana sababu mbili za kuokota matunda yaliyoanguka, na mti wa jirani yake hupata faida pia.

Pili, kateni. Vifuko vya mafuta vikiwa vizima, mafuta hukaa ndani hata juma zima. Vikipasuka, mafuta huanza kuruka mara moja. Harufu mnayoisikia ni mafuta yanayoondoka. Kata kwa panga juu ya gogo, au pitisha katika mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, hata vipande viwe vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Ukiwa na kinu, twanga kidogo. Vipande vidogo vina faida nyingine: vipande vikubwa huelea juu ya uji ndani ya mtambo, hushikana na kukauka, vikafanya gamba gumu linalozuia gesi kupanda.

Tatu, anikeni kivulini mahali penye upepo, juu ya sakafu ya saruji au turubai, kimo cha kidole kimoja tu, kwa siku 2 au 3, mkigeuza asubuhi na jioni. Jua kali si lazima. Ganda likikaushwa haraka juani hufunga na kuwa gumu kama ngozi, nalo huchukua muda mrefu kulainika tena.

Nne, uacheni ukungu ufanye kazi. Kusanyeni vipande viwe chungu isiyozidi magoti, mnyunyizie maji kidogo kama vimekauka, mfunike kwa magunia yanayopitisha hewa. Baada ya siku chache ukungu wa kijani na mweupe utatokea. Ukungu huo una desturi ya kuishi juu ya machungwa; wenyewe hauogopi mafuta, bali hata huyabadilisha. Wataalamu wa Mysore, katika Uhindi, walieleza mwaka 1995 kwamba kuyapandia ukungu mabaki ya machungwa kabla ya kuyatia katika mtambo kulipunguza mafuta na kuongeza methani. Siku 5 hadi 7 zatosha. Msizidishe, kwa kuwa ukungu nao hula sukari, na sukari iliyoliwa nje ya mtambo ni gesi iliyopotea. Mwenye kugeuza chungu hiyo ajifunge kitambaa puani, kwa maana vumbi la ukungu si zuri kifuani, na watoto wasichezee hapo.

Mtajuaje kwamba mafuta yamepungua? Rudini kwenye mchezo wa watoto. Chukua kipande kilichokaa, ukikamue karibu na mshumaa, mbali na bomba la gesi. Cheche zikiruka, bado. Zisiporuka, na harufu kali ya machungwa ikiwa imeisha na kubaki harufu ya kuoza tu, maganda yako tayari. Kipimo hiki hakina namba, lakini hakuna mkulima atakayeshindwa kukitumia.

Kiasi cha kutia

Hata maganda yaliyotengenezwa yasitiwe kwa pupa. Kwa mtambo ule wa kilo 60 za samadi kwa siku, anzeni na kilo 2 kwa juma la kwanza, kilo 4 kwa juma la pili, kisha kilo 6. Mkiona moto ni mzuri kwa mwezi mzima mwaweza kupanda hadi kilo 8 au 10, wala si zaidi. Yapimwe kabla ya kuanikwa, yakiwa mabichi, maana baada ya kukauka uzito hudanganya. Tukihesabu kwamba nusu ya mafuta tu imeondoka, kilo 6 kwa siku zitaleta kama gramu 0.13 kwa lita baada ya siku 50, na kilo 10 zitaleta kama 0.2. Zote ziko chini ya ile nusu gramu, na nafasi iliyobaki ni ya usalama wenu. Mwenye kutia maganda mabichi bila kuyatengeneza asipite kilo 3.

Changanyeni maganda na samadi na maji katika karai la kuingilia, mkoroge vizuri, ndipo mfungue. Ongezeni konzi moja ya jivu la jikoni lililochungwa, kwa ajili ya uchachu wa matunda. Samadi isipunguzwe kwa sababu maganda yamekuja. Maganda hayana naitrojeni ya kutosha kuwalisha vijidudu, nayo samadi ndiyo inayoileta.

Jambo moja la kando, ila ni la faida. Maganda mabichi na masafi, yasiyo na ukungu, ni chakula cha ng'ombe. Yakatwe vidogo ili mnyama asikabwe, na azoezwe kidogo kidogo pamoja na majani yake. Mwenye maganda machache ampe ng'ombe kwanza. Atapata maziwa, na samadi itakwenda mtamboni kama kawaida. Maganda ya mtamboni ni yale yaliyozidi, yaliyochafuka au yaliyooza. Ganda lenye ukungu asipewe ng'ombe kabisa.

Mtambo ukiugua

Dalili ya kwanza ni moto. Gesi ipo, kipimo chaonyesha kwamba imejaa, lakini moto hauwaki sawasawa, hurukaruka na kuzimika. Maana yake hewa ya ukaa imezidi na methani imepungua. Dalili ya pili ni harufu ya siki katika uji unaotoka. Karatasi ya litmasi ya bluu ikichovywa humo hugeuka nyekundu mara moja.

Basi yapasa kupambanua magonjwa mawili, maana dawa zake si moja. Kama maganda mengi yalitiwa kwa siku chache, ugonjwa huenda ni uchachu tu. Acheni kutia maganda, tieni nusu ya samadi ya kila siku, na changanyeni maji ya jivu au chokaa ya kilimo kidogo kidogo mpaka litmasi itulie. Kwa kawaida moto hurudi. Lakini kama maganda mabichi yametiwa kwa majuma mengi, ugonjwa ni mafuta, na jivu halitayaondoa. Watu humwaga chokaa debe baada ya debe katika mtambo wa namna hii, wakauharibu zaidi. Mafuta huondoka kwa kusukumwa nje. Tieni samadi na maji peke yake kwa kiasi cha kawaida, na kila siku uji mpya utasukuma ule wenye mafuta. Mkiweza, ombeni madebe kadhaa ya uji utokao katika mtambo mzima wa jirani, myatie. Hiyo ni mbegu ya vijidudu vipya. Kazi hii yaweza kuchukua mwezi mmoja au zaidi. Kuubomoa mtambo au kuumwaga wote si lazima, isipokuwa Bwana Shamba au fundi aliyeujenga ameutazama na kusema hivyo.

Uji unaotoka wakati wa ugonjwa usimwagwe shinani mwa miche. Uwekwe katika shimo la mbolea uchanganyike na majani kwa miezi miwili, ndipo upelekwe shambani. Uji wa mtambo wenye afya waweza kupelekwa moja kwa moja kwenye miti mikubwa ya michungwa, umwagwe chini ya ncha za matawi, mbali na shina.

Ndimu na malimau ni machachu kuliko machungwa, nayo pia yana mafuta. Wanaoyapata kwa wingi wafuate njia iyo hiyo ya kukata, kuanika na kuweka ukungu, lakini watumie nusu ya vipimo vilivyotajwa hapa, na jivu konzi mbili.